Skrini Imeganda, Je, Pesa Imeenda? Mazungumzo ya Haraka Ndani ya Simu Yako

Tuseme uko Gikomba Jumamosi asubuhi. Nguo umechagua, bei mmeelewana, shilingi 8,500. Umeingiza namba ya mama muuzaji, ukaweka kiasi, ukaweka namba ya siri, ukabonyeza Tuma. Skrini ikaganda. Kile kiduara kimezunguka mara moja kikasimama. Unagusa hapa, unagusa pale, wapi! Nyuma yako kuna mkokoteni unataka kupita, na mwenye mkokoteni hana subira.

"Imeingia, mama?"

"Bado kastoma, jaribu tena."

Basi unazima simu kwa nguvu, unaiwasha, unatuma upya. Dakika chache baadaye jumbe mbili zinaingia zikifuatana: 8,500 na nyingine 8,500. Sasa umeanza safari ndefu ya kurudishiwa pesa, na hiyo ni kama uliyemtumia ni mtu mwaminifu.

Ushauri wetu siku zote umekuwa mmoja: angalia salio kabla ya kurudia. Ni ushauri mzuri, lakini watu hawaufuati, na tunadhani tunajua kwa nini. Mtu akiona skrini imekufa anaamini simu nzima imekufa, kwa hivyo pesa haiwezi kuwa imetoka. Inaonekana ni akili ya kawaida kabisa. Kumbe sio hivyo, na kuelewa kwa nini kunahitaji tufungue simu kidogo. Wengi wetu tunaoandika hapa tulisomea masoko, sio uhandisi, kwa hivyo ilibidi tuketi na mainjinia wetu kwa vikombe kadhaa vya chai. Mengi ya yanayofuata ni yale tuliyowauliza mara mbili.

Simu moja, mifumo miwili

Smartphone yako ina kompyuta zaidi ya moja ndani yake. Ile unayoijua ndiyo inayochora skrini, kufungua picha na kucheza video. Kama ni Android, chini yake kuna kerneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachogawa muda wa prosesa, kumbukumbu na vifaa kwa programu zote. Kompyuta ya pili iko ndani ya modemu, sehemu inayoongea na mnara wa mtandao. Hii ina prosesa yake na mfumo endeshi wake mdogo ambao huwezi kuuona wala kuugusa. Huo ni mfumo wa wakati halisi.

Neno hilo "wakati halisi" lilitupotosha mwanzoni. Tulidhani linamaanisha haraka. Injinia mmoja alitusahihisha: linamaanisha kufika kwa wakati, kila mara, bila visingizio. Kerneli ya kawaida inajitahidi kuwa ya haraka kwa wastani. Ikichelewa kidogo kwa sababu programu ishirini ziko wazi, hakuna anayekufa, unalalamika tu. Kazi ya wakati halisi ikichelewa, hata mara moja, imeshindwa.

Chukua mtandao wa GSM, ile 2G ambayo bado inabeba miamala mingi sana ya menyu. Mnara hugawa muda kwa fremu za milisekunde 4.615, na kila fremu ina nafasi 8. Nafasi moja ni kama milisekunde 0.577. Simu yako hupewa nafasi yake na lazima iongee hapo hapo, la sivyo inamwingilia jirani. Tena, ukiwa mbali na mnara mawimbi huchukua muda kufika, kwa hivyo simu lazima itume mapema kidogo ili ifike kwa wakati. Mnara huiambia mapema kiasi gani kwa hatua, na kila hatua ni kama mita 550 za umbali. Hatua ya mwisho ni 63, ndio maana mnara wa kawaida wa GSM haumhudumii mtu aliye zaidi ya kilomita 35, hata kama anauona kwa macho. Kwa 4G mambo ni makali vilevile: simu ikipokea kipande cha data, jibu la "nimepata" au "rudia" linatakiwa litoke milisekunde 4 baadaye.

Sasa fikiria kazi hiyo ukimwachia mfumo uleule unaopakua video ya harusi ya binamu yako. Haiwezekani. Ndio maana imetengwa.

Ushahidi umeuona mwenyewe. Umewahi kuwa kwa simu, skrini ikaganda kabisa, hata kukata ukashindwa, lakini mtu wa upande wa pili bado unamsikia vizuri? Modemu iliendelea na kazi yake kama kawaida. Haikujua hata kama kuna shida kule juu.

Dirisha la kibanda

Kompyuta hizi mbili lazima ziongee. Namba yako ya siri imeingizwa upande wa skrini, na mnara uko upande wa modemu. Hapa ndipo kuna ujanja wenyewe, kwa sababu kanuni ni ngumu: upande wa wakati halisi hauruhusiwi kamwe kumsubiri wa kawaida.

Wacha tuende kwa kibanda cha chakula, saa saba mchana. Mpishi wa chapati yuko jikoni. Chapati iko kwa moto na ina sekunde zake, hawezi kuiacha aje kuuliza nani ameagiza nini. Weita yuko nje, anaongea na wateja, anatafuta chenji, anachelewa. Kati yao kuna dirisha, na ukutani kwa dirisha kuna misumari 8 kwa mstari.

Weita akipata oda anaiandika kwa karatasi, anaitundika kwa msumari unaofuata, kisha anasogeza kibanio chake chekundu hadi msumari huo. Mpishi akipata nafasi anatazama. Kibanio chake cha bluu kinaonyesha alipofika. Chekundu kikiwa mbele, kuna kazi: anachukua karatasi inayofuata na kusogeza cha bluu. Vibanio vikiwa pamoja, hakuna kazi, anaendelea na chapati zake. Wakifika mwisho wa mstari wanarudi msumari wa kwanza.

Angalia vile hakuna anayemngoja mwenzake. Weita hagusi kibanio cha bluu, mpishi hagusi chekundu. Kila mmoja anasogeza cha kwake tu na kusoma cha mwenzake. Kwa hivyo hakuna haja ya kufuli, hakuna "subiri kwanza niko hapa". Kwenye chipu nyingi za simu mazungumzo ya modemu na kerneli yako hivi: eneo la kumbukumbu ambalo pande zote mbili zinaliona, foleni za duara ndani yake, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na vihesabio viwili kwa kila foleni.

Kuna sharti moja ambalo mainjinia wetu walilirudia hadi tukacheka. Karatasi iandikwe yote kwanza, ndipo kibanio kisogezwe. Ukisogeza kwanza, mpishi atachukua karatasi iliyoandikwa "chapati" bila idadi. Kwa binadamu hili ni wazi. Lakini prosesa za kisasa hupanga upya kazi zao ndogo ndogo ili ziwe na kasi, na upande wa pili unaweza kuona kibanio kimesogea kabla ya kuona maandishi. Kwa hivyo waandishi wa programu huweka amri maalumu katikati, kama kizuizi cha barabarani: yote yaliyo nyuma yamalizike kwanza.

Na foleni ikijaa? Hapa haki sio sawa kwa wote. Weita akikuta hakuna nafasi, yeye atasubiri, kazi yake inaruhusu. Mpishi akikuta meza ya kuwekea sahani imejaa kwa sababu weita amepotea, hawezi kusimama na chapati mkononi huku nyingine inaungua. Anaambiwa papo hapo "hakuna nafasi" na anaamua: atupe, au afute ya zamani aweke mpya. Ukatili kidogo, lakini ndio gharama.

Kuna pia kengele. Mpishi akiweka sahani hugonga kengele ili weita aje. Kama kila chapati inagongewa, weita atakimbia mia mara kwa saa na hatafanya kingine. Kwa hivyo upande mmoja hugonga tu kama meza ilikuwa tupu, na weita akija anabeba zote zilizopo. Hii inaokoa betri yako pia, kwa sababu kila kengele inaamsha prosesa kubwa.

Sio kila habari inafaa foleni. Kitu kama nguvu ya mtandao, unataka ya sasa, hutaki historia ya dakika tano. Hiyo inafaa ubao wa chaki: mmoja anafuta na kuandika, mwingine anasoma akitaka. Shida ni kusoma wakati anaandika, ukapata nusu ya zamani na nusu ya mpya. Dawa ni rahisi kuliko tulivyotarajia. Mwandishi huweka namba pembeni na kuiongeza kabla ya kuandika na tena baada ya kumaliza. Msomaji anaitazama namba hiyo kabla na baada ya kusoma. Ikiwa imebadilika, au ni witiri, anajua alifumania katikati na anasoma tena. Anayerudia ni msomaji, mwandishi hasubiri.

Hii akili ilitoka wapi

Katikati ya miaka ya 1990, Victor Yodaiken na mwanafunzi wake Michael Barabanov, wakiwa New Mexico huko Marekani, walitaka kuendesha mitambo kwa kompyuta ya kawaida yenye Linux. Linux ya wakati huo haikuweza kuahidi muda. Walichofanya ni cha ujasiri: waliweka mfumo mdogo wa wakati halisi chini, halafu Linux nzima wakaifanya kuwa kazi mojawapo, tena yenye kipaumbele cha chini kabisa. Linux inaendeshwa tu kama hakuna kazi ya dharura. Ikidhani imezima vikatizo vya vifaa, kumbe imezima vya kuigiza tu, vile vya kweli viko mikononi mwa mfumo mdogo. Wakaiita RTLinux.

Ili pande hizo mbili ziongee wakatengeneza foleni maalumu. Kwa programu ya kawaida ya Linux foleni hiyo inaonekana kama faili tu, unafungua, unasoma, unaandika. Kwa kazi ya wakati halisi, kuweka kitu ni jambo la papo hapo: kimeingia, au unaambiwa hakuna nafasi, uendelee na maisha. Weita na mpishi, hasa. Watu wa Politecnico di Milano, Italia, wakafuata njia inayofanana na mradi wao wa RTAI.

Baadaye wengine walisema, kwa nini tusiifanye kerneli yenyewe iweze kukatizwa karibu popote? Kazi hiyo, inayojulikana kama PREEMPT_RT, ilichukua karibu miaka 20 kuingia yote kwa kerneli kuu, hadi toleo la 6.12 la Novemba 2024. Lakini kwa simu modemu bado iko kando na mfumo wake.

Ukiweka kufuli, uliza Mars

Tuliuliza swali ambalo huenda wewe pia unalo: kwa nini usumbufu wote huu wa vibanio? Si waweke tu kufuli, anayetaka kutumia achukue ufunguo, akimaliza arudishe?

Tukasimuliwa habari ya Mars Pathfinder. Chombo hicho cha NASA kilitua Mars tarehe 4 Julai 1997, dunia nzima ikashangilia. Siku chache baadaye kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe. Hakikupoteza data iliyokuwa tayari imekusanywa, lakini kila kikijiwasha kazi zilizobaki za siku hiyo zilisubiri kesho.

Ndani yake kulikuwa na kazi nyingi chini ya mfumo wa wakati halisi uitwao VxWorks. Kazi moja muhimu sana ilisambaza data ndani ya chombo na ilipaswa kumaliza kwa wakati. Kazi nyingine ya hali ya chini ilikusanya habari za hewa. Hizi mbili zilipitishiana habari kupitia njia iliyokuwa na kufuli ndani yake. Siku mbaya ilikuwa hivi: kazi ndogo ya hali ya hewa imeshika ufunguo. Kazi kubwa inautaka, inasubiri. Kabla ya ndogo kumaliza na kuurudisha, zinaingia kazi za kati ambazo hazihusiki kabisa na ufunguo, lakini kwa sababu ziko juu ya ndogo kicheo, zinaisukuma kando. Ndogo haiwezi kumaliza, kwa hivyo kubwa haiwezi kuanza. Bosi amekwama nje kwa sababu karani wa chini anapitwa na kila mtu kwa foleni. Mlinzi wa mfumo akiona kazi kubwa haijamaliza anaamua mambo yameharibika, anawasha upya kila kitu.

Mainjinia waliigiza tatizo hilo kwa chombo pacha kilichokuwa maabara duniani, wakapata chanzo. VxWorks ilikuwa tayari na dawa: anayeshika ufunguo unaohitajiwa na mkubwa anaazimwa cheo cha huyo mkubwa hadi aurudishe. Kwa kufuli hiyo mpangilio huo ulikuwa umezimwa. Wakatuma marekebisho hadi Mars, kujizima kukaisha. Mtu akikuambia customer care ya kwako ni ngumu, mkumbushe hao.

Kati ya modemu na Android hatari ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu ukimpa weita ufunguo kisha akagande nao, hakuna cheo cha kumwazima kitakachomwamsha.

Turudi Gikomba

Sasa fuata zile 8,500. Ulipobonyeza Tuma, ombi lako lilitoka kwa programu, likaingia kerneli, likatundikwa kwa foleni, modemu ikalichukua, likaenda hewani, mnara, hadi kwa kompyuta zetu. Kutoka kubonyeza hadi kuchukuliwa na modemu inaweza kuwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Skrini kuganda ni tukio la upande wa weita. Inaweza kutokea kabla karatasi haijatundikwa, na hapo pesa haijaenda popote. Inaweza kutokea karatasi ikiwa kwa msumari. Inaweza kutokea mpishi akiwa ameshaipika na kuipakua. Kwa macho, hali zote tatu zinafanana kabisa.

Kuzima simu hakusaidii. Kama ombi lilikuwa bado kwa foleni, umelifuta. Kama lilishatoka, huwezi kuliita lirudi, umejinyima tu jibu kwa dakika mbili tatu. Ujumbe wa kuthibitisha haupotei kwa sababu hiyo: mtandao ukishindwa kuufikisha huuhifadhi na kujaribu tena, ndio maana huwa unaingia ghafla ukishawasha. Hata lile tangazo la tatizo la muunganisho na msimbo batili wa MMI, linalotisha watu wanaotumia menyu, halikuambii kama ombi lilikwama likienda au ni jibu lililokwama likirudi.

Na hapa tunakubali kosa letu. Programu yetu ilikuwa inaandika "Imeshindikana" kila ikikosa jibu kwa muda fulani. Huo ni uongo, hata kama hatukuukusudia. Weita hajui chapati imepikwa au la, anasema haipo! Tulipoelewa haya tuliomba maneno yabadilishwe, na sasa inasema "Bado hatujapata jibu, usirudie kwanza". Pia kila ombi linabeba namba yake, na programu ikirudia yenyewe hutumia namba ileile, ili kompyuta zetu zijue ni karatasi moja iliyoletwa mara mbili. Lakini wewe ukiandika ombi upya kwa mkono, hiyo ni karatasi mpya na namba mpya. Tutaipika.

Kwa hivyo ukikwama, usihangaike na simu yako. Rekodi halisi haiko kwa skrini, iko kwetu, na upande wa pili wa muamala ni simu ya mama. Ile mulika mwizi yake, kwa njia, mara nyingi ina chipu moja na mfumo mmoja mdogo wa wakati halisi unaofanya kila kitu, redio juu, menyu chini, hakuna Android ya kuganda. Mwombe atoke nje ya kelele kidogo, aangalie salio lake kabla hujagusa Tuma mara ya pili. Mpishe mwenye mkokoteni apite.